Sifuri Tatu

Embu Mjini,
13 Juni 2023.

Kwa masikitiko makubwa, lakini kwa kukubali mapenzi ya Mungu, natangaza kifo cha mita yangu ya kupimia maji, kilichotokea leo Jumanne saa nne na dakika kumi asubuhi, baada ya marehemu kuteleza kutoka mfukoni mwangu na kutua kwenye sementi. Alikuwa na umri wa miezi mitano. Ameacha pampu moja, machujio manne, na mimi.

Mjomba Ishmael, habari za Kibirichia? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo hulia nikipanda ngazi na kunyamaza nikifika kwa daktari. Mwambie mama maharagwe yalifika na ninayala bila kulalamika, jambo ambalo hataliamini. Anti Cicily naye mwambie nimepata kanisa. Kiti changu kiko karibu na mlango, lakini kiko ndani.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu zipo. Mjomba, simu yako huwekwa spika kwa sababu ya masikio yako, na meseji zako huandikwa na kusomwa na anti Cicily. Mara ya mwisho nilipokuuliza jambo la siri, nilijibiwa na watu waliopanga foleni ya kusaga mahindi kwenye posho mill, na mmoja alinishauri vizuri sana. Kwa hivyo barua zangu zitakuja na Mugendi kwenye lori lake la viazi, naye atanirudishia zako ndani ya gunia lenye kamba nyekundu.

Sasa jambo lenyewe. Mashine yangu hujaiona, kwa hiyo nakueleza kama fundi kwa fundi. Maji ya mfereji huingia kwenye chujio la kwanza, ambalo hushika matope. La pili ni la makaa, hunyonya ile dawa ya mji inayonuka, kwa maana dawa hiyo ikifika kwenye chujio la tatu hulitoboa. La tatu ni utando mwembamba ambao haufai kukauka hata siku moja. Hupitisha nusu ya maji na kuitema nusu nyingine, na hiyo iliyotemwa namwagilia sukuma wiki za askari wa lango. La nne ni mtungi wa punje za resini, zinafanana na mtama uliolowekwa asali, na kazi yake ni kunyakua chumvi na chokaa zilizosalia. Maji yakitoka hapo hayana kitu. Pampu huyasukuma ndani ya fimbo inayorefuka kama antena ya redio, mpaka ghorofa ya nne, na juu kuna brashi. Unasugua kioo, unainua brashi, unasuuza kutoka juu kwenda chini, unaondoka. Hakuna sabuni, hakuna kitambaa. Kwa kuwa maji hayana kitu, yakikauka hayaachi kitu.

Mita ndiyo huniambia kama kweli hayana kitu. Ikisoma sifuri tatu, naosha. Ikipita kumi, punje zimechoka, nabadilisha. Hiyo ndiyo sheria niliyoachiwa na aliyeniuzia mashine kabla hajahama.

Na unajua jengo la Mzee Runji. Ghorofa nne, kioo kitupu mbele na nyuma. Nimepewa miezi sita ya majaribio, na mwisho wa Novemba ataamua ni nani apewe kazi kwa miaka miwili. Nikipewa, nabaki mjini na mashine yangu. Nisipopewa, narudi nyumbani kuchagua viazi vikubwa na vidogo, na wewe ulishaniona nikichagua viazi.

Mwili uko ndani ya mfuko wa unga. Umewahi kufufua redio ambazo wenyewe walikuwa wamezigeuza kabati la mayai. Fanya hivyo tena.

Mpwa wako,
Nelius.


Kibirichia,
5 Julai 2023.

Mama,

Nakuita hivyo kama kawaida, kwa sababu umebeba jina la mama yangu na siwezi kukufokea bila kumfokea yeye. Yeye ukimfokea alikuwa akikurudishia.

Sisi wote tu wazima. Baridi ya mwezi huu imechoma viazi vya upande wa juu, majani yamekuwa meusi kama yaliyopita motoni. Ng'ombe amezaa ndama wa kike. Cicily ameumwa na jino na amekataa kung'olewa mpaka mkutano wa akina mama upite, anasema hawezi kuongoza maombi akiwa na pengo. Mama yako amekusikia juu ya maharagwe. Hakuamini.

Mita imefufuka. Nilifunga mlango, nikavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, nikaifungua kwa bisibisi ya saa. Ndani kulikuwa na unyevu. Nilisafisha kwa spiriti, nikakausha juani, nikaweka mawe mapya ya betri, yale madogo ya duara kama kifungo cha shati. Ikawaka mara moja. Nimezungushia tepu nyeusi ya stima upande wa juu ili maji yasiingie tena. Usiitoe hiyo tepu kwa sababu yoyote.

Watu wa huku wameuliza ni kitu gani. Nimewaambia ni kalamu ya kupima kama maji yana dhambi. Mzee mmoja wa baraza la kanisa akauliza kama hupima soda pia.

Jambo lingine, dogo. Ghala la ushirika wa viazi linatafuta karani wa mizani. Mimi ni mwenyekiti, kama ujuavyo. Sijataja jina la mtu. Nasema tu kwamba kiti kipo, kina mto, na dirisha lake ni moja na ni dogo.

Mjomba wako,
Ishmael Kaimenyi.


Embu Mjini,
20 Julai 2023.

Mjomba,

Salamu kwa wote, na kwa ndama hasa. Mwambie anti Cicily ang'oe jino. Mungu anasikia hata maneno yanayopita kwenye pengo. Huku mvua ndogo ya asubuhi, kisha vumbi. Nimehamia chumba kingine, nyuma ya kile cha kwanza, kwa sababu cha kwanza kilikuwa karibu na fundi wa mabati.

Mita imefika, inawaka vizuri kuliko ilivyokuwa ikiwa mpya. Asante.

Lakini sasa nina shida ambayo sikuwa nayo. Nilipima maji Jumatatu asubuhi, ikasoma 18. Nikasema punje zimechoka, ingawa niliziweka Mei. Nikabadilisha. Ikasoma 19. Nikasafisha mtungi, nikabana viungo vyote, nikasafisha chujio la matope ambalo halikuwa na matope. Saa sita ikasoma 24. Sijafanya kitu chochote kati ya asubuhi na saa sita isipokuwa kuiangalia.

Kwa wiki zote mita ilipokuwa kwako nilikuwa naosha bila kupima, kama mtu anayevuka barabara amefumba macho. Sasa nafikiria vile vioo vyote nilivyoviosha kwa maji ya 18 au 24. Nilizunguka jengo mara tano nikitafuta alama. Ukitafuta alama kwenye kioo utaziona. Kuna moja ghorofa ya pili ambayo sina hakika kama iko kwenye kioo au kwenye jicho.

Nimerudia upande wa mbele wote.

Wewe unaelewa vyombo. Shida iko wapi? Kipimo siwezi kukishuku, kimetoka mkononi mwako.

Nelius.


Kibirichia,
9 Agosti 2023.

Mama,

Tuko salama. Jino liling'olewa kabla ya mkutano. Mkutano ulipita, na Cicily aliomba dakika arobaini, kwa hivyo nadhani lilikuwa linamzuia. Ndama tumemwita Embu, kwa sababu halali.

Nimefikiria shida yako siku nne, nikiwa shambani na nikiwa kitandani. Mashine ni kama redio, kosa huwa nyuma ya pale unapolisikia. Kama punje ni mpya, basi kosa liko kwenye utando. Kama utando ni mzima, liko kwenye mfereji. Kama mfereji ni ule ule, basi ni jua. Jua hutoa vitu kwenye paipu ya plastiki. Nilisikia jambo kama hilo kwenye kipindi cha kilimo, ingawa walikuwa wanazungumza juu ya chupa za maziwa na matangazo yalikatika katikati.

Osha mapema kabla jua halijapata nguvu. Ikishindikana, badilisha maji. Maji ya mlimani hayana chumvi ya mji. Watu wa Manyatta wana maji baridi yanayotoka juu, jaribu hayo.

Kiti cha ghala bado kiko. Wanakamati wameniuliza mara mbili, nikawaambia natafuta mtu mwenye macho makali. Sikudanganya. Mtu anayeona alama ghorofa ya pili akiwa chini anaweza kuona kiazi kilichooza ndani ya gunia.

Ishmael.


Embu Mjini,
14 Septemba 2023.

Mjomba,

Nisamehe kwa kukawia. Barua yako ilikaa kwa Mugendi wiki mbili chini ya kiti, ilikuja ikinuka dizeli. Salamu kwa mama na anti. Nimepata kikohozi, kikaondoka, kikaniachia sauti ya mhubiri.

Ulisema kweli juu ya maji ya Manyatta. Nilipeleka mitungi kumi na pikipiki, nikayapitisha kwenye mashine, nikapima saa kumi na mbili unusu asubuhi. Ikasoma 15. Ni mara ya kwanza kuona namba ya chini hivyo tangu Juni. Nilikaa juu ya ndoo nikacheka peke yangu, na askari Gikunda akatoka kibandani kuangalia kama niko sawa.

Sasa nayachukua kule mara mbili kwa wiki. Lakini ifikapo saa nne inasoma 20, na mchana 26, hata nikiweka mtungi kivulini. Yakikaa yanaharibika, kama maziwa. Kwa hivyo naamka saa kumi, naosha kati ya mapambazuko na saa mbili, naacha, naanza tena kesho. Upande mmoja wa jengo uliokuwa ukichukua siku moja sasa unachukua siku nne. Punje nimebadilisha mara tatu. Zile za zamani bado ziko kwenye gunia, zinang'aa tu, hata hazikugeuka rangi vile nilivyoambiwa hugeuka zikichoka. Nimeziangalia sana. Sijui tena ninachokiangalia.

Wapangaji wameanza kunizoea. Wakifungua pazia nipo. Kuna wakili ghorofa ya tatu ambaye siku hizi ananipungia mkono kama tunakaa nyumba moja.

Jana Gikunda aliniita.

"Sista, hiki kioo unakiosha kwa nini tena?"

"Kina alama."

"Wapi?"

Nikamwonyesha.

"Hiyo ni mimi," akasema. "Ni kofia yangu inaonekana. Hebu tazama pale chini." Kulikuwa na ndege wawili wadogo, mmoja amekufa, mwingine amekaa akitikisa kichwa kama mtu aliyeamshwa. "Wiki hii ni wa sita. Hawaoni kama kuna kioo. Na wewe unasema ni kichafu."

Nikamwambia mita inasema 20. Akauliza mita ina miaka mingapi ya shule. Nilirudia kile kioo.

Nieleze jambo moja, mjomba, kwa kuwa sina mwingine wa kumwuliza. Asubuhi 18, mchana 26, ya Manyatta 15. Namba hizi zinakuambia nini?

Nelius.


Kibirichia,
11 Oktoba 2023.

Mama,

Wazima. Mvua imeanza na imeanza vibaya, inakuja usiku na mchana. Daraja la huku chini limelegea. Viazi tumevuna nusu kabla havijaoza. Mama yako ana mafua.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma zaidi ya mara moja.

Namba hizo ni ngumu. Mimi nilitengeneza redio, sikuwahi kutengeneza maji. Pengine mji huo haukufai. Si kila mtu hupatana na mji, na si aibu. Mtu anaweza kurudi nyumbani akiwa amejaribu, akapata kazi yenye mto.

Usijitese sana na mita. Na ninakuomba, usiipime kwenye chai.

Ishmael.


Embu Mjini,
30 Oktoba 2023.

Mjomba,

Salamu. Mama apone.

Barua yako ilikuwa fupi, nami nina dakika chache. Sijaelewa habari ya chai. Nani angepima chai?

Siwezi kutulia. Nikiwa jengoni nataka kwenda Manyatta, nikiwa Manyatta nawaza jengo. Nimeota niko ghorofa ya nne kwa ndani nakuona wewe kwa nje umeshika brashi. Mvua inanyesha kila siku, na mvua ikinyesha kwenye kioo watu husema tunaosha bure, nami nawaeleza kwamba maji ya mvua siyo yanayochafua, ni vumbi, halafu naacha katikati kwa sababu sina haki ya kueleza mtu juu ya maji.

Nimeamua. Miezi hii yote nimempa Mzee Runji maji ambayo si safi na nikamwandikia kwamba ni safi. Kwenye barua yangu ya kuomba kazi niliandika maneno haya haya: maji yenye sifuri tatu. Ni uongo. Tarehe 20 Novemba nitakwenda ofisini kwake nimwambie. Afadhali aninyime kazi akiwa anajua kuliko anipe akiwa hajui. Halafu nitakuja kuangalia huo mto wa kiti.

Kama una la kuniambia kabla ya siku hiyo, niambie.

Nelius.


Kibirichia,
8 Novemba 2023.

Nelius,

Leo sikuiti Mama. Siwezi kumwandikia mama yangu haya.

Watu wote ni wazima. Ndama pia. Hayo yametosha.

Mita yako haipimi uchafu. Inapima joto.

Nilipoifungua Julai niliivunja kidogo. Ina vitufe viwili. Kimoja cha kuwasha, kingine cha kuonyesha joto la maji. Kile cha pili kina kipande cha mpira chini yake, si kikubwa kuliko punje ya mchele, na mpira huo uliruka ukaingia chini ya kabati la Cicily. Nilitafuta kwa magoti. Sikuuona. Nikafunga bila mpira, na kitufe kikabaki kimebonyea. Wakati huo sikujua kazi yake, niliona namba zinatokea nikafurahi. Kioo chake pia kilipasuka kwenye kona, pale pale palipo na ile alama ndogo ya joto, na mimi nikafunika kwa tepu ili usione nimepasua. Hayo ni ya Julai, ni aibu ya fundi tu.

Ya Septemba ni mengine. Nilipofika pale ulipoandika asubuhi 18, mchana 26, Manyatta 15, nilijua kabla sijageuza ukurasa. Hata mtoto wa darasa la nne angejua, kama asingekuwa anaogopa kitu. Maji yako yalikuwa safi. Yalikuwa safi siku zote. Ulitupa punje nzima, ukaamka saa kumi, ukaosha vioo visivyo na kitu, nami nilikaa mezani na barua yako nikanywa chai. Ndiyo maana niliandika juu ya chai. Niliogopa ungepima ukaona 60 ukaelewa. Halafu nikatumaini ungepima. Yote mawili katika mstari mmoja.

Utauliza kwa nini. Si viazi. Kwenye mkutano wa ushirika sisikii tena, Nelius. Si kidogo. Wakicheka nacheka, wakinyanyua mikono nanyanyua. Mwezi wa nane nilipiga kura ya kujiondoa mwenyewe kwenye safari ya mafunzo. Karani wa mizani hukaa karibu na mwenyekiti, na nilifikiri kama ungekuwa wewe ungeniandikia kwenye karatasi yale yanayosemwa, na hakuna ambaye angejua. Ukishindwa huko, utakuja. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na sikuona kuwa nimekaa kimya mpaka kimya kikawa uongo.

Kiti chenyewe kamati ilimpa Lorna, binti wa mweka hazina, tangu Oktoba wiki ya kwanza. Walikubaliana kwenye mkutano nikiwepo. Nilinyanyua mkono.

Usiende kwa Runji tarehe 20. Toa tepu, bandua kile kitufe kwa ncha ya pini, utaona sifuri zako.

Nampa Mugendi barua hii mkononi, si guniani.

Ishmael Kaimenyi.

Baadaye, tarehe 10: Mugendi amerudi. Daraja limekwenda na maji. Anasema atazunguka wiki ijayo kukiwa na barabara. Nimejaribu simu. Ulipokea, nilisikia kwamba kuna mtu, lakini nje kulikuwa na watu kumi wamejikinga mvua barazani kwangu, na mama yako amesimama kando yangu. Nilikuuliza habari za afya. Nadhani ulisema nzuri.


Embu Mjini,
2 Desemba 2023.

Mjomba,

Habari za huko baada ya mvua? Nimesikia daraja limewekwa mbao. Mama amenipigia, sauti imerudi. Mimi goti limeniachilia, nadhani kwa sababu nimelala.

Barua yako ilifika juzi, tarehe 30, siku ishirini na mbili baada ya kuiandika. Mugendi alinipa mkononi kama ulivyomwambia, akasema, "Mzee alisema usome umekaa." Nilisoma nimesimama.

Sitakuandikia yote niliyosema nikisoma. Gikunda aliyasikia, yeye ni mtu wa kanisa, mwulize yeye. Nitakueleza yaliyotokea tu.

Tarehe 20 nilikwenda kwa Mzee Runji kama nilivyopanga. Hakuwepo, alikuwa kwao Ishiara. Karani wake akaniambia niandike, nikaandika. Ukurasa mzima, na tarehe, na namba zote, 18, 24, 26, 15, na kwamba maji niliyotumia tangu Julai hayakuwa kama nilivyoahidi. Nikatia sahihi. Akaiweka kwenye faili.

Tarehe 22 nilikuwa napakia mashine. Gikunda akaichukua mita akasema tumpime kama ameokoka. Akaibana kwapani. Ikasoma 36. Nikapima kwapani mwangu, 36. Mwuza mandazi, 36. Nikasema basi binadamu wote tuna uchafu sawa, mpaka akaja kijana wa stoo, ambaye alikuwa ameruhusiwa aende nyumbani kwa sababu ya malaria, naye akataka kupimwa. Ikasoma 39. Gikunda akaniangalia. Nikakaa chini, kwenye sementi ile ile. Nikatoa tepu yako, nikaiona alama ndogo ya joto na kitufe kilichobonyea. Kitufe nilikibandua kwa hereni. Nilifungua mashine na maji ya mfereji, si ya Manyatta, na zile punje za kwanza, za Mei, nilizozitupa guniani. Sifuri, sifuri, sifuri.

Kwa hivyo nilijua siku nane kabla hujaniambia. Nilingoja barua yako, mjomba. Sikujua kama itakuja, na sikukupigia. Hilo ni langu.

Masikio. Ungeandika neno hilo moja mwezi wa saba ningekuja na basi la kwanza, na ningerudi na la pili, na tungekuwa tumeshapanga. Kuna kliniki ya masikio hapa kila Jumanne. Nimekuandikisha tarehe 9 Januari. Utakuja na Mugendi, utakaa mbele. Mpaka siku hiyo, kwenye mkutano usinyanyue mkono.

Sasa jengo. Tarehe 29 niliitwa. Nilikwenda nimejiandaa kuiomba ile barua irudishwe, nimebeba mita, nimebeba chupa mbili za maji za kuonyesha, na nilikuwa nimeyarudia maneno njiani mpaka watu wakanipisha. Mzee Runji alikuwa amekaa amelipa dirisha mgongo, pazia limefungwa. Anasema mwanga humuumiza kichwa. Faili lilikuwa mbele yake. Barua yangu ilikuwa juu kabisa, na kikombe kilikuwa juu ya barua.

Nikamwambia, "Mzee, kuhusu yale maji."

Akasema, "Maji gani?"

Nikamwambia niliyoandika. Akainua kikombe, akatazama karatasi kwa mbali, akasema miwani yake ameiacha Ishiara na karani hajamsomea. Kisha akasukuma mkataba kwangu na kalamu. Miaka miwili, jengo lote, mbele na nyuma. Yeye alikuwa ameshatia sahihi tarehe 17.

Nikamwuliza alipima vipi kazi yangu na ya wengine mpaka akaniona mimi.

Akasema tangazo la kazi lilibandikwa langoni siku kumi na nne. Aliyeomba alikuwa mmoja.

Nelius.